Kipimo Kilichoishia Juani

Juzi nilikiona tena, rafiki yangu, sokoni Kigoma, kwenye turubai la kijana anayeuza chaja na redio zilizokufa. Kidude cha kuenea kiganjani, kina kioo na mshale ndani, na juu yake kibonge cheupe kama nusu ya yai.

"Shikamoo mama. Hiyo saa mbovu," kijana akasema.

Nikamwambia si saa, ni kipima mwanga. Zamani mpiga picha hakubonyeza kamera kabla hajakileta hicho kidevuni pako akasoma mshale, ajue kamera iingize mwanga kiasi gani. Akacheka. Nikakiweka kidevuni, mshale ukapanda, na roho ikaniuma kama vile bado nina miaka tisa.

Tulipokimbia vita ng'ambo ya ziwa, baba tulipotezana naye kwenye kugombania mitumbwi. Mimi na mama tukafikia Ujiji, mjane mmoja akatupa chumba cha uani. Mama akapata kazi ya kuanika dagaa ufukweni. Hadi leo nikisikia harufu ya dagaa kwenye mawese namwona ameinama pale mchangani, anawageuza kwa vidole. Alikuwa na msemo wake: mgeni hachagui upande wa kulala. Mimi nilichagua. Niliutaka upande wa binti wa mwenye nyumba.

Huyo ni wa kwanza wa kulaumiwa, namtaja wazi. Rika langu, lakini niliambiwa nimwite Dada. Alikuwa na viatu vyeupe na soksi za lesi. Mimi nilikuwa na magamba ya dagaa mpaka kwenye viwiko.

Siku ya Idd mpiga picha akaja kumpiga binti picha. Mama alikuwa ameambiwa kwamba kwenye kambi ya wakimbizi kuna ubao wanabandika picha za waliopotezana, basi akamwomba fundi atupige na sisi, baba akituona aje. Binti akapigwa kwanza, halafu akaachiwa kile kipimo akichezee. Nikaomba na mimi nikishike.

"Wewe? Na magamba hayo? Utanichafulia," mpiga picha akasema.

Akatusimamisha ufukweni, chini ya kibanda cha dagaa, maana juani mama alikuwa anakunja uso. Filamu ilibaki picha moja tu. Huku anaizungusha, akamtuma binti: "Nenda kampime mama kidevuni, unisomee mshale."

Binti akafika ukingoni mwa kivuli, akaona maji ya dagaa, akatazama viatu vyake. Akasimama palepale juani, akanyoosha mkono.

"Kumi na sita."

"Umemfikia kidevuni?"

"Nimemfikia."

Fundi akaipanga kamera kwa namba hiyo ya juani, akabonyeza.

Picha ikaja. Nyuma yetu ziwa linawaka, dagaa mmojammoja unaweza kumhesabu. Mimi na mama weusi tititi, hatuna macho, hatuna midomo. Mpiga picha akasema, "Ndivyo mlivyo nyie, nifanyeje?" Huyo naye namtaja, kama yu hai, asikie.

Mama aliipeleka kambini hivyohivyo. Yeye alipokwisha kufa, mzee mmoja wa kambi ile akanieleza kwamba baba alikuwa anakuja kwenye ubao kila Jumatatu, anasogeza uso kwenye picha mojamoja, mpaka maradhi yakamlaza na hakuinuka. Kila Jumatatu alitupita.

Picha ya binti ipo sebuleni kwao mpaka leo. Nikienda kusalimia naiangalia kuliko ninavyomwangalia mwenyewe. Meno yanaonekana. Lesi ya soksi inaonekana. Namwonea wivu, mtu mzima mimi.

Pale sokoni niliingia na kipimo chini ya kivuli cha kibanda. Hatua moja tu, mshale ukaanguka. Kijana akasema siku hizi simu inajua yenyewe. Kweli. Kibanda cha dagaa hakipo, mama hayupo, baba hayupo.

Ila kuna wa tatu wa kulaumiwa sijamtaja. Nilimwona binti alipoishia. Nilijua hajamfikia mama. Nikafumba mdomo, nikingoja akosee, anyang'anywe kipimo, nipewe mimi.