Siku Kampuni Ilipomfungia Mama Ndani

Mama yangu aliuza viazi na karoti kando ya barabara pale Naro Moru tangu nikiwa mtoto mpaka nikawa mwalimu, na sikumbuki mteja aliyewahi kumpunja. Kisha akaanza kusahau. Alisahau sufuria motoni, halafu akasahau kwamba Baba alikufa, na kila tulipomkumbusha alilia upya kana kwamba habari imefika asubuhi hiyo. Nikamleta kwangu, nje kidogo ya mji wa Nyeri, kwenye nyumba ya mawe niliyojenga polepole kwa mkopo wa walimu.

Hakuzoea. Akipata nafasi tu, alitoka akashika njia ya kurudi kwake. Siku moja msichana anayenisaidia kazi za nyumbani aliingia kuoga, na alipotoka akakuta mlango wazi. Tulimpata Mama kwenye barabara kuu ya kwenda Nanyuki, amevaa soksi bila viatu, malori yakimpita karibu mno hata kitambaa chake cha kichwa kilikuwa kimepeperushwa mtaroni. Alitembea haraka, kama mtu aliyechelewa sokoni. Tangu hapo sikufundisha kipindi kizima bila kutoka nje kupiga simu nyumbani. Simu ikilia darasani, niliacha sentensi katikati kabla sijaona nani anapiga.

Hofu hiyo ndiyo iliyonifanya nimsikilize kijana wa kampuni moja iliyokuwa ikipita mtaani kwetu ikiuza vifaa vya usalama wa nyumba. Alikuwa na adabu, na alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alinionyesha kitasa kinachofunguliwa kwa simu au kwa namba za siri, na kamera za kuniwezesha kumwona Mama nikiwa shuleni.

"Mwalimu, hii tunaita ulinzi wa mzee," akasema. "Shosho, huyu bibi yetu, hawezi toka bila wewe kujua. Hata kwa ndani, mlango haufunguki bila namba."

"Na malipo ni haya tu uliyoniandikia?"

"Ni hayo tu. Kila kitu iko ndani."

Kila kitu hakikuwa ndani. Mwezi wa pili zilianza kuja ada ambazo hakuna aliyenitajia: ya kuhifadhi picha za kamera, ya ujumbe ambao kitasa hunitumia mlango ukifunguliwa, hata ada ya kupiga simu kulalamikia ada. Nilipouliza kuhusu ufunguo wa kawaida, wa chuma, wa kutumia mambo yakiharibika, niliambiwa huo unauzwa kando. Nikasema nitanunua mwisho wa mwezi. Maoni yangu ni haya, na siyabadilishi: mtu anayekuuzia mlango bila ufunguo wake hajakuuzia mlango. Amekukodisha, na mwenye nyumba sasa ni yeye.

Lakini nililipa. Mama alikuwa salama, nami niliweza kumaliza kipindi bila kupiga simu nyumbani.

Ikafika likizo ya Agosti, wakati wa ile baridi ya kwetu, ukungu umekaa juu ya mashamba ya chai na hata mti wa jirani huuoni vizuri. Msichana wangu alikuwa ameenda kwao Karatina kuona wazazi. Mimi na Mama tulikuwa peke yetu. Nilibandika uji kwenye gesi, moto mdogo, nikamwacha Mama amekaa karibu na meza na blanketi miguuni, nikatoka kwa mlango wa mbele ili nizunguke nyuma ya nyumba kuchuma sukuma wiki. Nilikuwa na simu kwenye mfuko wa sweta. Upepo ukaubamiza mlango nyuma yangu na nikasikia kitasa kikijifunga, sauti niliyoizoea.

Niliporudi na mboga mkononi, nikabonyeza namba. Taa ikawaka nyekundu. Nikabonyeza tena, nikidhani vidole vina baridi. Nyekundu. Nikafungua simu, na pale ambapo kwa kawaida palikuwa na picha ya Mama na jikoni, palikuwa na maandishi tu: *Huduma yako imesitishwa. Kwa usalama wako, milango yote itabaki imefungwa.*

Ule ulinzi wa mzee, kumbe, ulikuwa wa majaribio ya bure. Majaribio yalikuwa yameisha, ukageuka wenyewe kuwa wa kulipia, nami sikuwa nimelipia kitu nisichojua kwamba kinalipiwa.

Nilipiga simu. Sauti iliyorekodiwa ikanishukuru kwa kuchagua amani ya moyo, ikanipigia muziki. Hatimaye akapokea msichana wa huduma kwa wateja.

"Mama yangu amefungiwa ndani," nikamwambia. "Ni mgonjwa. Na kuna moto jikoni. Nifungulie mlango, pesa nitatuma."

"Pole sana, mama. Naona akaunti yako iko na deni. Ukishalipa, mfumo utafungua wenyewe."

Nikalipa hapo hapo, vidole vikikosea namba ya siri. Simu ikanijibu kwamba malipo yamepokelewa na yatashughulikiwa.

"Yatashughulikiwa lini?"

"Kwa kawaida huchukua muda kidogo, mama. Sina uwezo wa kuharakisha."

Sauti yake ilikuwa ya huruma. Naamini kweli hakuwa na uwezo. Hilo ndilo lililonitia baridi: kwamba nilikuwa nikimwomba mtu aliyefungiwa nje kama mimi.

Nikazunguka hadi dirisha la jikoni. Mlango wa nyuma ulikuwa na komeo na kufuli, na ufunguo wake unaning'inia ukutani, kwa ndani. Madirisha yote yana vyuma, kama ya kila mtu huku. Kupitia kioo nikamwona Mama amesimama katikati ya jiko. Uji ulikuwa umefura na kumwagika, umezima moto, na povu lilikuwa likiteremka kwenye kabati. Dirisha dogo la juu lilikuwa limeachwa wazi kidogo, na kutoka pale nikaisikia harufu. Gesi.

"Mami!" nikapiga kioo. "Mami, zima gesi! Zungusha hicho kitufe!"

Akageuka akanitazama. Nimewahi kuogopa maishani, lakini sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa macho yale. Hakunijua. Aliona mwanamke mwenye nywele zilizotimka anapiga kioo cha dirisha, na akafanya kile ambacho mjane aliyeishi peke yake shambani miaka mingi angefanya. Akashika kisu cha kukatia mboga.

"Enda!" akanipigia kelele. "Enda, mwizi! Nitaita watu! Vijana wangu wako hapa!"

Hana vijana. Ana mimi tu.

Nilianza kulia, na kadiri nilivyolia ndivyo alivyozidi kuogopa. Alirudi nyuma akaegemea friji, na mimi nikawaza: friji. Friji huwaka yenyewe, ndani yake kuna cheche. Nikakumbuka pia kile kitasa. Kina mota. Malipo yakipokelewa sasa hivi, mlango ukajifungua, je, si ndiyo cheche hiyo? Kitambo kidogo nilikuwa nimeomba kifunguke. Sasa nilisimama pale nikiomba kisifunguke, na sikujua niombe lipi.

Kelele zetu zilimtoa jirani yangu. Ni mama Mwislamu wa makamo, ambaye familia yake imeuza nguo mjini Nyeri tangu enzi za babu yake, na alipenda kuja kukaa na Mama jioni. Alikuja mbio, leso mabegani, viatu vya ndani miguuni.

"Kuna nini, Mwalimu?"

"Gesi imefunguka. Mlango umekataa. Na hanijui, ananiita mwizi."

Alivuta pumzi mara moja pale dirishani, na nikaona uso wake ukibadilika. Akanishika mabega, akanisogeza pembeni ambapo Mama hanioni. Kisha akagonga kioo kwa kidole kimoja, taratibu, kama anayebisha hodi dukani.

"Hodi hapa! Mama wa viazi yuko?"

Akagonga tena.

"Mama, nimetoka Nanyuki. Nimeambiwa viazi vizuri ni vyako. Gunia ni pesa ngapi leo?"

Nikasikia miguu ya Mama ikiburura sakafuni. Ikaja sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa muda mrefu, sauti kavu ya sokoni.

"Unataka gunia ama unataka debe?"

"Gunia. Lakini naona moto wako umezimika na uji umemwagika. Zima hiyo gesi kwanza, mama, ndio tuongee bei vizuri."

"Ati nizime?"

"Zima, mama. Gesi ni ghali siku hizi."

Nilibana mdomo kwa kiganja. Sikuona kitu, nilisikia tu. Kitu kikalia *tik*. Jirani akageukia upande wangu na kuitikia kwa kichwa: amezima.

"Asante. Sasa nifungulie dirisha hili kubwa, nisikie bei. Masikio yangu ni mabovu."

Dirisha likafunguka. Harufu ikatoka nzito, ikatupiga usoni sisi wawili. Jirani yangu aliendelea kumshikilia Mama kwa maneno, akidai viazi ni vidogo, Mama akikasirika na kuapa kwamba vimetoka chini ya mlima leo asubuhi, huku mimi nikikimbilia nyundo kwenye banda la kuku. Nilisubiri hadi harufu ilipopungua. Kisha nikakipiga kitasa kile. Nilikipiga hata baada ya kung'oka, hata baada ya mlango kufunguka, mpaka jirani alipokuja akaichukua nyundo mkononi mwangu.

Mama alikuwa ameketi. Kisu kilikuwa mezani. "Huyu mteja ni mgumu," akaniambia kwa Kikuyu, kana kwamba tumekuwa pamoja muda wote. Nikampigia magoti nikamshika miguu, ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

Wiki iliyofuata nilienda ofisini kwao mjini. Walikuwa wameshanitumia bili ya ada ya kuharibu kifaa. Kijana aliyenihudumia, si yule aliyeniuzia, alinisikiliza hadi mwisho, akaangalia kompyuta yake, kisha akasema bila ubaya wowote, "Lakini, Mwalimu, mfumo ulifanya kazi vile ulitakiwa."

Nilitoka pale bila kumuaga. Ningeweza kuvumilia kuambiwa kwamba kuna kitu kiliharibika. Sikulipa ada hiyo, na nimepeleka malalamiko kwa wanaohusika, ingawa sijapata jibu. Ninachowaambia walimu wenzangu ni hiki: kabla hujatia sahihi, muulize muuzaji kitafanya nini siku usipolipa. Usimwache aondoke hadi ajibu.

Mama haikumbuki siku ile, lakini mwili wake unaikumbuka. Mlango ukifungwa mchana, anainuka na kuanza kutetemeka. Kwa hiyo tumeuegemezea tofali ubaki wazi. Mmoja wetu, mimi au msichana, hukaa kizingitini na kazi zake. Ukungu unaingia hadi sebuleni, nasi tunakunywa chai tukiwa tumevaa makoti.