Mama Vyura na Kinamasi cha Nyuma ya Nyumba

Ofisini walimwita Mama Vyura, wala hakununa. Kazi yake ilikuwa kutengeneza kinamasi ndani ya kompyuta: anaingiza mvua, matete, samaki, ndege, hata mbu, kisha anabonyeza, na miaka hamsini inapita kabla chai haijapoa. Jamani, kazi zipo! Tatizo ni kwamba kila alipobonyeza kinamasi kilikauka, na vyura ndio waliotangulia kufa.

Nacho hakikuwa cha kubuni. Kilikuwa nyuma ya nyumba ya baba yake, fundi cherehani mstaafu, ambaye kila asubuhi alipanda miche ukingoni ili mizizi izuie udongo usifukie maji. Majirani walimcheka, eti anatwanga maji kwenye kinu. Daktari alimwambia moyo wake umechoka, aweke jembe chini. Mzee mbishi huyo! Akasema ataliweka siku binti yake atakapomwonyesha kwamba anajisumbua bure.

Basi Jumamosi moja binti akaja na kompyuta, akaitua kwenye meza ya cherehani. Baba akatazama kijani kikigeuka kahawia.

"Na mimi nimo humo?"

Binti akababaika. "Humo sikuweka watu, Baba."

"Ala! Mbu wamo, mimi baba yako umeniacha nje? Hebu niweke, mama."

Akamweka: mtu mmoja, miche yake, kila asubuhi. Akabonyeza. Kinamasi kilikauka vilevile, ila kilichelewa miaka miwili.

Mzee hakuwa na miwani, tarakimu hakuziona. Neno moja tu, "bure", na baba yake angepumzika, angeishi. Lilimfika binti mpaka ulimini. Lakini alimpenda mno, akashindwa kumdanganya.

"Umekiongezea miaka miwili, Baba. Basi."

"Miwili! Mtu mmoja, tena mgonjwa? Si haba!" Mzee akainuka, uso umemchangamka, akaanza kupapasa jembe nyuma ya mlango.

"Keti, Baba." Binti alikuwa ameshauwahi mpini. "Nakutoa humo. Naweka mtu mwingine, wewe utakaa kitini umwelekeze."

"Mtu gani atakubali kazi hii? Ni kila asubuhi, mama."

"Kila asubuhi, kabla ya ofisi," alijibu, huku akivua viatu.

Mzee akamtazama miguu. Akajikokota na kiti chake hadi ukingoni.