Daftari la Kihispania

Kazi yangu ni kukaa nyumbani, mtaani Amalemba, mbele ya kompyuta, nikitafsiri maneno ya kila siku ya Kiingereza kwa Kihispania, kwa wateja ambao sijawahi kuwaona. Maji yako wapi. Samahani, nimepotea. Lugha hiyo niliisomea chuo kikuu, na majirani huniona kama mtu aliyesomea upepo. Kwa hiyo mdogo wangu alipopata kazi Uhispania, ya kumtunza bibi kizee mmoja nyumbani kwake, nilivimba kichwa.

Nilimwandikia daftari. Kushoto Kiingereza, kulia Kihispania. Asante. Niko sawa. Hakuna shida. Nikilikumbuka sasa naona haya: kurasa tele za kushukuru na kuomba radhi, wala hakuna mahali pa kukataa. Ndivyo tulivyolelewa. Mama, aliyekata miwa miaka yote ili tusome, alitufundisha kwamba ukiwa kwa watu hulalamiki, na ukiulizwa habari, ni njema.

Mwezi wake wa pili huko akanipigia simu mchana, anakohoa.

"Dada, nataka kuwaambia niko mgonjwa sana. Nasema aje?"

Maneno hayo ni mepesi. Hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza anayajua. Lakini niliwaza: bado wanamjaribu kazini, wakisikia ni mgonjwa watamrudisha, na Mama ameshalitangazia kanisa zima. Nikamwambia aseme, "Estoy un poco cansada." Nimechoka kidogo.

"Hiyo ndiyo mgonjwa sana?"

"Hiyo inatosha. Kunywa kitu moto, upumzike."

Hakubisha. Hakuwahi kunibishia maishani, na hilo nalo linaniudhi mpaka leo.

Wiki iliyofuata, binti wa yule bibi kizee alipiga simu. Nilikuwa nyumbani kwa Mama, upande wa Bukura, nikaweka simu kwenye spika ili naye asikie. Ni mapafu, alisema. Walimkuta mdogo wangu kitandani asubuhi, ameshakufa. Yule mwanamke alikuwa akilia, nami nilitaka kumchukia nikashindwa. Akaongeza kwamba walimwuliza hali yake kila siku, naye akawajibu amechoka kidogo tu.

"Anasema nini?" Mama aliuliza.

Nikamtafsiria yote, kifo kwanza, kisha hayo ya mwisho neno kwa neno. "Anasema mtoto aliwaambia amechoka kidogo."

"Huyo mtoto," Mama akasema. "Hakupendanga kusumbua watu."

Kanisani walilirudia hilo, mazishini wakalirudia, wakamsifu kwa uvumilivu wake, nami nikaitikia kwa kichwa pamoja nao. Nilimwachia marehemu kosa langu alibebe.

Sanduku lake lilikuja pamoja na mwili. Wageni walipokwisha kuondoka, Mama alilifungua sebuleni, akatoa nguo moja moja, kisha daftari. Ukurasa wa mwisho ulikuwa umejaa sentensi moja tu, kwa mwandiko wa mdogo wangu, mstari baada ya mstari. Alikuwa akijizoeza. Mama akaweka kidole hapo.

"Hapa ameandika nini?"

"Nimechoka kidogo."

"Ni nani alimfundisha kusema hivyo?"

Ningeweza kusema sijui.

"Ni mimi, Mama. Aliniuliza mgonjwa sana wanasema aje. Nikampa hiyo."

Nilingoja kofi, au mayowe. Hakuna kilichokuja. Aliliweka daftari mapajani.

"Na mgonjwa sana wanasemanga aje?"

"Estoy muy enferma."

"Sema polepole."

Nikarudia. Akajaribu, ulimi ukakataa, akasema "enfelma". Nikamrekebisha. Akanikazia macho, akaanza upya, na upya tena, mpaka ikanyooka. Kisha akainuka, akaenda akasimama mlangoni, akaisema kwa sauti kubwa kuelekea uani kwenye kaburi la mdogo wangu, ambalo udongo wake ulikuwa bado mbichi.