Kiboko alibomoa jiko letu Ruziba, na bima ikauliza kama ni wangu

Wakuu, salama? Mi kawaida nasoma tu humu, siandiki. Lakini nimeona mutu anauliza kama kulipia bima ya nyumba ni kutupa pesa, basi nawapa yaliyonipata. Sipunguzi kitu, hata pale ninapoonekana mjinga.

Nauza spea za pikipiki mtaa wa Asiatique. Tunakaa Ruziba, karibu na ziwa. Nyumba, kusema haki, ni ya mke wangu Zaina, aliirithi kwa marehemu baba yake.

Zaina aliponiambia anataka kuikatia asiransi, hiyo bima yenyewe, nilicheka. Nikamwambia matofali hayaungui, na mlinzi ni Mwenyezi Mungu. Akasema Mungu analinda, lakini mlango tunafunga wenyewe.

Hakubishana zaidi. Akachukua faida ya vitenge anavyouza sokoni Jabe, akaenda kusaini peke yake. Kila alipolipa, nilimuuliza kama wamemletea hata sahani.

Sasa, wanaokaa kando ya ziwa wanajua: viboko wanapanda kula majani. Mmoja alikuwa anapita nyuma kwetu kila jioni. Nikamzoea, nikampa jina Komanda. Watu wakipita nawaambia huyu ni wangu, ndiye sentineli, mlinzi wetu wa usiku. Wote wanacheka.

Halafu nikajenga ukuta nyuma ya nyumba. Mrefu, maridadi. Katikati kabisa ya njia yake.

Siku fundi alipomaliza, jioni Komanda alipandia kwa jirani. Kesho yake, nimetoka kuswali alfajiri, anarudi ziwani. Nadhani aliona njia yake ya zamani inatosha.

Alipita ukuta. Akapita jiko la nje. Akaondoka na kamba ya nguo shingoni, kanzu yangu ya Idi inapepea mgongoni.

Zaina alikuwa ametoka jikoni dakika hiyo hiyo kuchota maji. Nikakaa chini kwenye vumbi. Hapo sikucheka, wakuu.

Kampuni ikatuma ajenti, mama mmoja mpole mwenye miwani. Akasoma kontra aliyosaini Zaina: uharibifu wa wanyama unalipwa, isipokuwa mnyama wa watu wa nyumba hiyo.

"Huyu munyama ni wa nani?" akauliza.

Kabla sijafungua mdomo, jirani yetu Deo, mtu wa kanisa asiyejua uongo, akaninyooshea kidole, akamjibu: "Ni wa Baba Asha. Anaitwa Komanda."

Yule mama akaandika.

Nikamkana Komanda pale pale, nikasema hatujuani kabisa. Ajenti akauliza, kwa heshima, nimemfuga tangu lini na anachanjiwa wapi. Zaina akaniangalia kama anavyoangalia sufuria iliyotoboka.

Ikabidi niende kwa shefu wa kartiye, mkuu wa mtaa wetu, kuomba barua ya kuthibitisha kwamba sina kiboko. Nilikuwa nimeiandika tayari; akaisoma mara mbili, akaniuliza kama niko muzima. Akapiga muhuri huku mabega yanamtikisika.

Baada ya wiki kadhaa, walilipa. Jiko limesimama upya, na Zaina ameongeza dirisha.

Ukuta? Apana, huo hawakulipa. Niliujenga baada ya yeye kusaini, na hakuna aliyewaambia upo. Huo nautengeneza mwenyewe, tofali moja moja, na safari hii nimemwachia yule bwana nafasi ya kupita.

Nilichojifunza: kateni bima, lakini ulizeni kwanza nini hakilipwi. Ukiongeza hata choo, nenda ukawaambie. Na usijisifie mali isiyo yako mbele ya jirani mkweli.

Zaina hajanikumbusha hata siku moja maneno yangu. Ananipakulia tu katika jiko lake jipya, na mi nakula nikiangalia chini.

Walio na bima, nyie walikulipeni? Wasio nayo, mnategemea nini? Semeni, na wanaotaka kunicheka waanze taratibu.