Pampu Kubwa ya Cucu Nyambura

Mjukuu wangu Mwangi akifungua boneti ya gari lake hapa uani, harufu ya petroli ikaingia jikoni, mimi huacha kuchambua maharagwe nikacheka peke yangu. Anadhani nazeeka vibaya. Kumbe kwangu hiyo ni harufu ya harusi ya shangazi Wangeci.

Baba alikuwa na pikapu. Injini yake haikuwa ile ya kuzaliwa nayo: fundi Ndirangu wa Mathenge alitoa injini ya gari lingine, kubwa zaidi, akakata hapa, akachomelea pale, akaiketisha humo kwa nguvu. Ikinguruma, vikombe vilicheza mezani. Basi wiki ileile ya harusi, pampu ya petroli ikafa. Pikapu ndiyo ingempeleka Wangeci kanisani Kiriaini Jumamosi. Isipowaka, angepanda lori la Gachanja, lile la kubeba mbolea ya ng'ombe.

Baba alijua kwamba wenye maduka humzungusha kwa bei. Akamtuma mama yake, yaani nyanya yangu, Cucu Nyambura, ambaye sokoni hakuwa ameshindwa na mtu. Nami nikaenda naye Nyeri kubeba kikapu.

Bwana Mulji, mwenye duka la vipuri, aliweka pampu mbili kwenye kaunta. Moja ndogo kama ngumi yangu, nyingine nzito kama kichwa cha mbuzi.

"Mama, bei moja tu, hii na hii. Lakini chukua dogo. Gari yenu iko na kabureta, na ndani iko sindano kidogo ya kufunga petroli. Hii kubwa nasukuma sana, sindano nashindwa."

Cucu alinyanyua moja mkono huu, nyingine mkono ule, kama anayepima viazi.

"Wanjiru, umesikia huyu? Ati bei ni moja, na mimi nibebe kidogo!"

"Mama, hii si viazi."

"Na mimi si mtoto. Funga hiyo kubwa. Na nyongeza iko wapi?"

Bwana Mulji alishusha pumzi, akaongeza kipande cha mpira wa petroli. Tukitoka, nilimwona akiifunga ile ndogo kwa gazeti, akaandika kitu juu, akaisukuma chini ya kaunta. Nikadhani ni ya mteja mwingine.

Ijumaa asubuhi Ndirangu akaifunga pampu kubwa. Injini ilishika mara moja, Baba akapiga makofi, kisha petroli ikaanza kufurika kutoka kwenye kabureta kama maziwa yaliyosahauliwa motoni.

"Zima! Zima!"

Cucu akakumbuka moto wa jikoni. Alinyakua sufuria ya uji wa wageni, akaumwaga wote kwenye mafiga. Wangeci akatoka mbio, nywele nusu zimechanwa, nusu zimesimama. Alipoona, alikaa chini kwenye nyasi. "Mbolea! Nitaolewa nikinuka mbolea!"

"Cucu," Ndirangu akasema akijipangusa, "hapa tunanywesha mtoto mchanga kwa ndoo."

Cucu alichukua kikapu. Akaitia ile pampu kubwa ndani, tukarudi Nyeri. Bwana Mulji alituona mlangoni. Aliinama, akatoa furushi la gazeti. Nilikuwa darasa la tatu, na mwalimu wetu Bi. Wangari alitufundisha kusoma kwa sauti, kwa hivyo nilisoma kwa sauti: "MAMA ATARUDI."

Cucu alinifinya sikio. Akarudisha ile kubwa, akapokea ndogo, akajinyoosha.

"Na nyongeza?"

Jumamosi Wangeci alifika kanisani kwa pikapu, akinukia petroli kidogo, akicheka. Cucu aliwaambia wageni wote kwamba pampu ile aliichagua yeye mwenyewe. Nikajua moyoni kwamba mtu mzima hakosei, hata akikosea.

Miaka ikapita, nami nikapata wachumba wawili. Kariuki alikuwa na kifua kipana na sauti ya kujaza nyumba. Gathogo alikuwa mwembamba, chai aliinywa kwa vijifunda vidogo vidogo. Ukoo mzima ulimtaka Kariuki. Cucu, macho yake yakiwa yamekwisha, aliwashika mikono mmoja mmoja, akapima, akanivuta jikoni.

"Huyo mkubwa," akaninong'oneza, "atamwaga."

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba siku ile dukani alisikia kila neno la Bwana Mulji. Nikamchukua Gathogo. Miaka arobaini na mmoja, injini haikuzima.