Softi Nyepesi na Kidari cha Baba

Mimi ni mtu wa papara, sikatai. Mke wangu husema nilizaliwa nikiwa tayari nimechelewa. Lakini msimu ule wa kuwinda papara ilinizidi hata mimi mwenyewe, na yote kwa sababu ya risasi.

Mwaka uliotangulia nilimpiga swala pala kwa solidi, risasi ya ncha ngumu isiyofunguka ndani ya nyama. Ilimtoboa ikatokea upande wa pili, naye akakimbia akatokomea vichakani. Tulifuata damu, mimi na askari wa wanyamapori, mpaka jua likazama. Hatukumpata. Nilipofika nyumbani Kibosho nikamweleza baba kila kitu, kwa sababu ndiye aliyenifundisha kulenga. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umemwacha na maumivu yake," akasema. "Basi mimi sili kidari cha mkono wako mpaka ujifunze kumaliza unachokianza."

Nikadhani ni hasira za siku moja. Kwetu, mnyama akichinjwa au akiwindwa, kila kiungo kina mwenyewe, na kidari, ile nyama ya kifuani, ni cha baba. Krismasi nikachinja mbuzi, nikampelekea kidari chake kwa mikono miwili. Akakisukuma kando, akala ndizi tupu, wanangu wote wanaangalia. Iliniuma, jamani. Mtu mzima na mvi zangu, nilitoka nje nikajifanya nakata majani ya ng'ombe.

Kwa hiyo msimu mpya ulipofunguliwa nilikuwa na haja moja tu duniani: baba ale kidari changu. Nilikuwa na kibali cha swala pala mmoja, na siku zake zilikuwa zinayoyoma. Nikashuka Moshi mjini kununua risasi.

Muuzaji aliweka maboksi mawili juu ya kaunta. La kwanza lilikuwa solidi ile ile iliyonitia aibu. La pili lilikuwa softi nyepesi, yenye ncha laini. Hiyo inakwenda kasi, na ikiingia inafunguka, mnyama anaanguka papo hapo. Ila inachana nyama vibaya. Ukimpiga swala panapotakiwa, pale nyuma ya bega, inaweza kukiharibu kidari chote.

"Mimi nataka softi nzito," nikamwambia. "Ile inayoua bila kusaga nyama."

"Imekwisha. Labda mwezi ujao."

"Mwezi ujao kibali kimekufa!"

"Sasa mimi nifanyeje, mzee wangu? Niizae?"

Nikatoka bila kununua. Nikauzunguka mnara wa saa, nikaagiza chai nikaiacha ipoe, nikarudi dukani. Nikayashika maboksi yote mawili kama mtu anayepima nyanya, nikatoka tena. Solidi ingekiacha kidari kizima, lakini je, nikimpoteza tena? Softi ingemwangusha, lakini nipeleke nini nyumbani? Mwisho nikampigia baba simu.

"Bunduki iko kwa nani?" akaniuliza.

"Kwangu, baba."

"Haya." Akakata.

Nikanunua softi. Hata hivyo sikutulia. Nyumbani nilikuwa nalifungua boksi, nalifunga, naenda migombani, narudi, nalifungua tena. "Wewe bwana," mke wangu akasema, "umekuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kaa chini!" Nilikaa, nikasimama.

Huko nyikani mambo yalikwisha upesi. Dume lilitoka kichakani likasimama karibu kuliko nilivyotarajia, nikalenga nyuma ya bega, nikafyatua. Halikwenda hatua tatu. Askari wa wanyamapori akanipiga bega kwa furaha, nami nikacheka kwa sauti. Kisha tukampasua. Kidari kilikuwa kimechanikachanika, damu imeganda, mifupa imevunjika vipande vipande ndani ya nyama. Nilikitazama mpaka askari akaniuliza kama naumwa.

Sasa sikia nilichokifanya, na ninaona haya mpaka leo. Nilipofika mjini niliingia buchani nikanunua kidari cha mbuzi, kizima, kizuri. Kile cha swala nikakifunga kwenye jani la mgomba nikakificha nyuma ya gari. Baba ana mtoto wa jicho macho yote mawili, nikajiambia hataona.

Nilimkuta amekaa nje ya jiko. "Shikamoo baba. Nimekuletea kidari chako."

"Marahaba." Akakipokea. Akakipapasa taratibu, akavisugua vidole vyake, akavinusa. Mke wangu akaacha kumenya ndizi.

"Swala huyu," baba akasema, "mlimfuga zizini mkamlisha migomba? Nyama ya porini ina mafuta haya?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Hata mtoto wa kwetu anajua mnyama wa nyikani hana mafuta ya mbuzi wa kufungiwa, mimi katika papara yangu sikuliwaza hilo.

"Njia ya mwongo fupi," akasema. "Changu kiko wapi?"

Nikaenda kwenye gari nikakileta, nikamfungulia jani magotini pake. Akapitisha vidole kwenye ile nyama iliyosagika, kipande baada ya kipande.

"Alikimbia?"

"Hakwenda hatua tatu."

"Uliona mwenyewe?"

"Niliona, baba."

Akamgeukia mke wangu. "Mama, nichemshie hiki. Hicho cha mbuzi mpe yeye, ndiye aliyekinunua."

Tulikula pamoja. Au tuseme alikula yeye, mimi nilikuwa nakigeuzageuza kipande kimoja cha mbuzi sahanini. Baba alitafuna polepole, akitema vipande vya mifupa pembeni ya sahani. Alikimaliza chote, akalamba vidole. Halafu akapapasa pembeni mwa sahani, akachagua kitu kati ya mifupa, akaniambia nifungue kiganja. Akaniwekea vipande vitatu vya risasi, vidogo, vikali, bado vina joto la mchuzi.

"Kidari ni changu," akasema. "Hivi ni vyako."