Siku Nne za Kuusemea Ukuta

Katunge alipewa siku nne za kujifunza kusema kwa Kiingereza mambo aliyokwisha kuyafanya kwa mikono yake, na jambo hilo lilimchekesha hata yeye mwenyewe. Ndiye mwenyekiti wa mwethya, kikundi cha majirani wanaojenga ukuta wa kuzuia maji na mchanga katika mto mkavu karibu na Kwa Vonza. Alhamisi wafadhili wangepiga simu ya video kuuliza kazi imefika wapi. Wakiridhika, simiti ya kumalizia ingekuja kabla ya mvua ya Novemba. Wasiporidhika, mafuriko yangeukuta ukuta ni kimo cha mbuzi, yaupite, na jasho la mwaka mzima liende na maji.

Mutisya, afisa wa mradi kutoka Kitui mjini, alimwachia karatasi ya maneno: started, delivered, completed.

"Mama Kaluki, shika hizo tu," alimwambia. "Wafadhili wanapenda kusikia kitu imeisha."

Katunge aliishia darasa la nane, lakini udadisi wake haujahitimu mpaka leo. Akiswaga punda kwenda kuteka maji, aliyageuza maneno yale mdomoni na kushangaa. Kikamba kina namna yake ya kusema la leo asubuhi, namna nyingine ya la jana, na nyingine ya mambo ya enzi za nyanya. Kiingereza kinatia yote gunia moja. Sasa msikilizaji atajuaje kama jasho limekauka? Swali hilo lilimfurahisha hadi punda wakapitiliza kisima.

Jioni mumewe, Nzuki, alivaa koti la kanisani akajifanya mfadhili. Kiingereza chake hakivuki salamu, ila kwa kukunja uso hana mpinzani.

"We completed the wall," Katunge akasema.

"Hiyo ni nini?"

"Tulimaliza ukuta."

Nzuki akakuna kidevu. "Na ile ufa?"

"Hiyo haiko kwa karatasi, Baba Kaluki."

Ufa wenyewe ulitokea hivi. Simiti mbichi hunyweshwa maji kila siku, la sivyo hupasuka. Mwezi uliopita kukawa na mkutano wa injili Nunguni, siku tatu, basi la kukodi. Kila mtu alidhani mwenzake amebaki na mtungi. Walirudi wakiimba, wakakuta sehemu mpya imepasuka juu hadi chini. Desturi ya kikundi ni kwamba aliyeharibu ndiye anayepiga nyundo ya kwanza ya kubomoa. Kwa kuwa waliharibu wote, walipanga foleni, mchungaji akiwemo, kila mmoja akapiga yake. Kisha wakaanza kujenga upya.

Alhamisi ikafika. Kwenye simu alitokea mama mwenye miwani, akasema amesoma katika ripoti kwamba ukuta umekamilika. Je, ni kweli?

Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi wa Katunge, limenolewa siku nne. Mutisya, aliyekaa kando yake, alimwashiria kwa kichwa alitoe. Katunge aliogopa sana. Aliwaza simiti, akawaza mvua, halafu akaiona foleni ile na mchungaji akivua koti.

"No," akasema.

Na kwa Kiingereza chake kifupi kifupi akaeleza kwamba ukuta ulipasuka, wao walikuwa kanisani, hakuna aliyemwaga maji, wakabomoa, wakajenga tena, na bado haujaisha.

Yule mama aliisogelea simu. "Mchungaji naye alipiga nyundo?"

"Alipiga."

"Na wewe?"

"Mimi wa kwanza. Ni mimi mwenyekiti."

Mama aliandika kwa muda mrefu, akauliza foleni ilikuwa na watu wangapi na kama kuna aliyekataa. Mwishoni akasema simiti itafika Jumanne. Lakini itakuja na mtu wake wa kuupima ukuta, maana ripoti za karatasi hazimtoshi tena.

Simu ilipokatika, Mutisya alimgeukia Katunge.

"Mama Kaluki, hiyo neno kwa ripoti ni mimi niliandika."

"Najua," Katunge akasema. "Na mimi nimeikariri siku nne nikijua ni uongo."